Kikapu cha Mwisho cha Bibi Semkonda

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi yetu tunaikumbuka, palikuwa na mji mdogo wa soko huko nyanda za juu, ukiitwa Idunda. Mabasi ya safari ndefu yalisimama pale ili abiria wapate chakula, na wakishakula wanunue zawadi za kupeleka kwao. Waliondoka na asali, waliondoka na vyungu. Lakini mwenye bahati aliondoka na kikapu cha Bibi Semkonda.

Bibi Semkonda alisuka kwa milulu, majani yaotayo bondeni, ambayo yakikauka hunukia vizuri mno. Mwaka ule vidole vyake vilianza kukakamaa. Akasema, "Nasuka hiki kimoja, kisha basi." Soko zima likajua.

Kikapu kikiwa bado nusu, akapita kijana aitwaye Lutengano.

"Shikamoo, bibi. Hicho nitakirudia mimi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kikiisha ni chako. Nimesema."

Akaenda zake. Kikapu kikakamilika, na mfuniko wake. Bibi akakiweka mkekani, akamngoja.

Siku ambayo Lutengano angerudi, mvua ikashuka ghafla. Kila muuzaji akakumbatia vitu vyake. Maji yakateremka na barabara, yakakizoa kikapu. Bibi akapiga kelele, "Jamani, kikapu changu!" Nani angemsikia? Kila mtu alikuwa na chake cha kuokoa.

Alimsikia Mwamvita, mama mmoja wa Korogwe, abiria tu aliyekuwa akifunga zawadi zake. Akaziacha pale pale chini, akakimbia, akaingia mtaroni, maji yakamfika kiunoni. Akakidaka kikapu kwenye mdomo wa kalavati. Aliporudi, asali yake na vitenge alivyowanunulia dada zake vilikuwa vimekwenda na maji.

"Mwanangu," akasema bibi, "nikupe nini?"

"Niuzie hicho hicho, bibi. Nimekaa ugenini muda mrefu. Nitaingiaje kwetu mikono mitupu?"

Bibi hajajibu, Lutengano huyo, kashuka kwenye basi.

"Shikamoo, bibi. Nimefuata kikapu changu."

Mwamvita akageuka. "Chako? Mbona mtaroni sikukuona?"

"Mama, sikatai, umekiokoa. Lakini bibi alinipa neno, na mimi nikatoa langu. Nilipopeleka posa, mama wa binti aliniambia, 'Wanaume wa maneno nimewaona. Nitimizie jambo moja tu, hata dogo.' Nikamwahidi kikapu hiki. Leo ndiyo nakwenda kwake."

"Nisingeingia majini, ungempelekea nini?"

Lutengano akageuka, akautazama mtaro uliofurika.

Pembeni alisimama mwanamke mwingine, Yusta, amejifunika khanga. Akasogea.

"Samahanini. Mimi sikuahidiwa, wala sikuingia mtaroni. Sina haki yoyote. Ila mama yangu ni mzaliwa wa hapa. Sasa yuko Morogoro, hatoki kitandani, na macho hayaoni tena. Aliniambia, 'Ukipita Idunda, niletee kitu cha milulu nikinuse.' Nimezunguka soko lote. Vilivyobaki ni vya plastiki."

"Mama yako nani?" akauliza bibi.

"Selina, wa kwa Mhavile."

Bibi akaketi taratibu. "Selina! Tulikuwa tukikata naye milulu, tukiimba mpaka tunasahau kurudi nyumbani."

Akakishika kikapu, akakipangusa matope kwa pindo la nguo yake. Akamtazama Lutengano, akamtazama Mwamvita, akamtazama Yusta. Kisha akakiweka katikati yao.

"Wanangu, mimi nimeshindwa. Nikimpa mmoja nitawadhulumu wawili. Chukueni, mkaamue wenyewe. Sitamlaumu mtu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Basi likapiga honi. Mwamvita akakibeba, maana hakikuweza kuachwa pale, na wote watatu wakapanda. Wakaketi kiti kimoja cha nyuma, kikapu mapajani mwa Mwamvita. Njiani walizungumza vizuri tu. Yusta alimpa Mwamvita khanga yake ajikaushe. Lutengano akawasimulia habari za mchumba wake, wakacheka. Kuhusu kikapu, hakuna aliyesema kitu.

Wakafika njia panda, mahali ambapo Lutengano alikuwa ateremke. Basi likasimama. Kijana akainuka, akawaangalia wenzake. Mwamvita ameweka viganja vyote viwili juu ya mfuniko, wala hakukaza, wala hakuachia. Yusta kageuzia uso dirishani, machozi yanamlengalenga. Kondakta anaita, "Anayeshuka ashuke, twende!"

Haya, nyinyi mlionisikiliza, msiniulize mimi. Mmoja alipewa neno, mmoja alikitoa majini, mmoja mama yake anangoja gizani. Je, kikapu kile kilistahili kwenda na nani?