Ngiri Alipovundikwa Pamoja na Kakao

Haya, sogeeni. Nikisema "Chungu!" semeni "Tamu!"

Chungu!

— Tamu!

Chungu!

— Tamu!

Mmesema tamu ninyi, siyo mimi. Msije mkanilaumu mbele ya safari.

Basi hapo kale palikuwa na Kindi mmoja, mdogo wa umbo, mrefu wa ulimi. Alitoka kwao angali mtoto, akaenda kuzurura mashamba ya watu. Aliiba karanga, akaiba mahindi, na kila alipokamatwa alijitoa kwa maneno. Miaka ikapita. Siku moja akasikia habari: mama yake ameanza kutengeneza chokoleti, tena anakaribia kufungua duka.

Kindi akasema, "Ala! Mama ana duka, na mimi bado naiba karanga?" Akafunga safari, akarudi nyumbani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kula au umerudi kufanya kazi?"

"Kazi, mama."

Mama Kindi akamsogelea. Alikuwa amezeeka kuliko alivyotarajia Kindi. Mkia wake umekuwa mweupe, miguu inatetemeka. Akasema, "Basi umerudi kwa wakati. Pua yangu inachoka, na kazi hii ni ya pua."

Akampeleka uani. Hapo palikuwa na sanduku moja kubwa la mbao, limefunikwa majani ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na kakao mbichi, iliyotiwa asubuhi hiyo, na ule utelezi wake mweupe. Kakao hulala humo siku sita. Hupata joto, huchacha, hutoa moshi kidogo. Baadaye huanikwa juani, hukaangwa, husagwa juu ya jiwe, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, mpaka iwe chokoleti. Lakini kila kitu huanzia sandukuni. Isipolala vizuri, hata uitie sukari gunia zima, itabaki kukaba koo.

"Nitajuaje kama imelala vizuri?" Kindi akauliza.

"Utanusa. Siku ya sita nitakuita tunuse pamoja. Nikikwambia 'ndiyo hii,' utaishika harufu hiyo mpaka kufa kwako."

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: cha duka hakiliwi na mwenye duka kabla ya mteja wa kwanza. Mama haonji. Kindi haonji. Mjomba Kindi, aliyekuwa akitengeneza rafu na kupaka mlango rangi ya buluu, naye haonji, ingawa yeye alikuwa na jino moja tu na asingeweza hata kwa ruhusa.

Nani basi alikuwa akionja? Subirini. Huyo anakuja. Mnasikia? Gubu, gubu, gubu!

Ngiri.

Ngiri alikuwa jirani. Ana pembe mbili mdomoni, shingo nene, na manyoya mengi mazuri mwili mzima. Ndiyo, zamani Ngiri alikuwa na manyoya. Kila asubuhi alikuja gubu, gubu, gubu, akasukuma mlango kwa pua.

"Nimepita tu kuonja. Jirani ni ndugu."

Akaonja kipande. Nyam! Akaonja sahani. Nyam! Akaonja kabati. Nyam-nyam-nyam! Nani amkataze? Mjomba alijaribu siku moja, akarushwa juu ya paa.

Kesho yake tena, gubu, gubu, gubu. "Nimepita tu kuonja. Jirani ni ndugu."

Hivyo hivyo mpaka chokoleti yote ya msimu ikaisha. Ikabaki kakao ya mwisho tu, ile iliyolala sandukuni. Na siku ya gulio kubwa, siku ya kufungua duka, ilikuwa imeshatangazwa.

Mama akamwita Kindi. "Mwanangu, mimi na mjomba wako tunakwenda kualika watu. Tutarudi keshokutwa. Kakao ina siku tatu tu humo. Sanduku hili usilifungue. Likifunguliwa kabla ya wakati, joto linatoka, kakao inaoza. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Masikio alikuwa nayo, alisikia kweli. Kusikia siyo kazi.

Mama alipotokomea tu njiani, gubu, gubu, gubu!

"Nimepita tu kuonja."

"Imekwisha, Mzee Ngiri."

"Imekwisha? Basi nitakula hiyo iliyomo sandukuni."

Kindi akatazama sanduku. Angeweza kupiga kelele, majirani wangekuja. Angeweza kumpeleka Ngiri shamba la mtu mwingine, mbali huko, na njia alizijua zote. Lakini ulimi ulimwasha. Tangu arudi nyumbani hakuwa amemdanganya mtu hata mmoja, na hila ni kama ugoro, aliyezoea haachi.

Akainama kwa heshima. "Mzee wangu, kwa nini ule kipande kipande kama maskini? Hujui siri ya nyumba hii?"

"Siri gani?"

"Kakao ikilala humu inakuwa chokoleti. Je, akilala mtu?"

Ngiri akafumba jicho moja, akafikiri. Kufikiri kulimpa shida. "Atakuwa... chokoleti?"

"Mwili mzima! Utajilamba mkono, tamu. Utajilamba bega, tamu. Hutaomba kwa mtu tena."

"Fungua!" Ngiri akanguruma. "Fungua upesi!"

Na Kindi akafungua. Mkono wake mwenyewe uliondoa majani. Moshi mwepesi ukapanda, fuuu, ukaenda zake. Aliuona. Alikumbuka maneno ya mama. Lakini Ngiri alikuwa ameshaingia, pwata!, na mzaha ulikuwa mtamu mno kuuacha njiani. Akafunika, akaweka mawe juu.

Baada ya kitambo: "Kindi! Humu mna joto!"

"Ndiyo unaiva, Mzee."

"Kindi! Panawasha!"

"Ndiyo unakolea, Mzee."

"Kindi! Najilamba, ni chungu!"

"Hujafika, Mzee. Tulia."

Kindi alicheka mpaka akaanguka. Alilala chali, miguu juu, machozi yanamtoka. Cheka na ninyi, msiogope, alistahili yule. Jua lilipoelekea kushuka, Ngiri alishindwa. Akajikunja, akajikunjua, bra! Sanduku likapasuka vipande. Kakao ikamwagika matopeni, imechanganyika na manyoya. Ngiri akatoka mbio, ngozi tupu, nyekundu, mkia umesimama wima.

"Sionji tena! Sionji maisha yangu!"

Na mpaka leo Ngiri hana manyoya ila yale machache ya mgongoni, na akikimbia anasimamisha mkia.

Mama na Mjomba wakarudi. Kindi aliwangoja mlangoni, kifua mbele, maneno yamejaa mdomoni. Mama akasimama. Hakutazama uani. Alinusa.

"Umefungua," akasema.

"Mama, nimemshinda Ngiri! Hatarudi tena! Ungemwona alivyo..."

"Umemshinda kweli?"

"Nimemshinda."

"Vizuri, mwanangu." Akaenda kuchukua ufagio.

Angemchapa ingekuwa nafuu. Kindi alisimama akimtazama mama yake anafagia kakao ile iliyooza, taratibu, akipumzika kila baada ya hatua mbili. Alitaka kusema samahani. Ulimi ule uliomtoa kwa wenye karanga wote duniani ukakosa neno moja.

Siku ya gulio watu walikuja, maana walikuwa wamealikwa. Walisifu rafu. Walisifu mlango wa buluu. Mama aliwaambia, "Karibuni, karibuni," akawapa chai ya rangi, na hakuna aliyeuliza chokoleti iko wapi, kwa adabu tu. Walipoondoka, Kindi akasema, "Tutavundika nyingine, mama. Msimu ujao."

"Msimu ujao," mama akajibu.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Kindi akafariki.

Msimu ukaja. Mjomba alitengeneza sanduku jipya. Kindi akavundika kakao, akalala ubavuni mwake, hakuligusa siku sita nzima. Siku ya sita akafungua, akanusa. Ilikuwa harufu ya siki, na ya ndizi mbivu, na ya udongo. Ndiyo hii? Siyo hii? Akageuka kuuliza. Nyuma yake palikuwa na uwanja tu.

Akaanika. Akakaanga. Akasaga. Akapata chokoleti. Lakini ilifanana na ya mama? Yeye hakuwahi kuionja. Mjomba hakuwahi. Dunia nzima alikuwepo mmoja tu aliyeijua ladha ile.

Kindi akachukua kipande, akaenda mpaka kwenye shimo la Ngiri.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Nimekuletea uonje."

"Sionji."

"Sikudanganyi, Mzee. Haki ya mama yangu. Uniambie tu kama ni kama yake."

Pua ya Ngiri ikacheza, mara moja, mara mbili. Akameza mate. Kisha akatazama ngozi yake.

"Na siku ile ulininyenyekea hivi hivi," akasema. Akaingia shimoni kinyumenyume, akasukuma udongo, akaziba.

Kindi akabaki pale. Akala kile kipande yeye mwenyewe, mwenye duka, kabla ya mteja wa kwanza. Kilikuwa kitamu. Kama cha mama au siyo kama cha mama, hakujua, na hajajua mpaka leo. Alilia pale nje ya shimo mpaka jua likamchoka.

Basi funzo ni nini, wanangu? Funzo ni kwamba mwerevu hapati hasara. Kindi alimshinda Ngiri, au hakumshinda? Duka ni lake, rafu zote ni zake, na jirani hamsumbui. Kwa hiyo mkipewa kazi ya kungoja, msingoje. Mkiambiwa msifungue, fungueni, mcheke.

Hadithi nimeifikisha. Aliyeiona tamu ailambe, aliyeiona chungu aimeze. Na mwenye mama nyumbani ainuke sasa hivi, akamuulize anachotaka kuuliza.

Chungu!

— ...

Mbona hamjibu?