Neno la Mwalimu Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna kwikwi? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Asiyeniamini aseme sasa hivi, aondoke, awaachie nafasi wenye roho ngumu. Shule niliiacha njiani, lakini kwa ngano simpishi mtu.

Hapo zamani za kale, Chui aliingia mbugani. Leo kala mwana wa Ngiri. Kesho kala wawili wa Kanga. Nyasi zikitikisika, mioyo ndu! ndu! ndu!

Kanga akatunga funzo. Yeye ndiye mwalimu wa mbuga nzima, na maringo anayo.

"Somo ni neno moja," akasema. "Nikimwona Chui nitapiga kelele: Paa! Mwenye mbawa apae angani. Mwenye miguu apae na mbio. Kesho asubuhi watoto wote watafundishwa."

Mama Paa, yule swala mdogo wa miguu myembamba, akasogea mbele. Mtoto anaye mmoja tu, Siwema.

"Mwalimu, umelijaribu?"

"Nimelijaribu! Kwa vifaranga wangu, wote wamepaa, puruu!"

"Vifaranga wako. Na wetu je?"

"We shoga, Chui anatumaliza, wewe unataka majaribio?"

"Nataka. Leo hii, jua likiwa juu."

Basi Ngiri akajibanza nyasini, ajifanye Chui. Kanga akapanda kichuguu kando ya nyasi hizo. Kule mbali wakasimamishwa watoto watatu: kifaranga, mwana wa Ngiri, na Siwema. Mama Paa akatazama.

"Paa!" akapiga kelele Kanga. "Paa!"

Kifaranga, puruu, juu ya mti. Mwana wa Ngiri, mbio, mkia wima. Siwema akasimamisha masikio. Akageuka.

"Abee!"

Akaja. Kwata kwata kwata, anafuata sauti, anapita kwenye nyasi zile zile! Meno marefu ya Ngiri yakamgusa ubavu. Mama Paa akamkimbilia.

"Mwanangu! Mbona umekuja?"

"Si nimeitwa, mama? Mkubwa akikuita si unaitika na kwenda?"

Kanga akashuka kichuguuni. Shingo imenywea. Mwalimu mzima, amesahau kwamba paa ni jina la mtu!

Akalitupa neno lake. Wakajaribu jingine: "Chui!" Watoto wote watatu wakatoweka, hata vumbi likachelewa. Hilo ndilo likakubaliwa lifundishwe kesho.

Basi, funzo usilolijaribu kwa masikio yasiyo yako si funzo, ni mtego. Ngano yangu imekomea hapo.

Ngojeni. Msiinuke.

Kuna kipande nimekiruka, maana nakiogopa mwenyewe. Siku ile ya kujaribu, nyasini walikuwa wawili. Ngiri mbele. Nyuma kabisa, tumbo chini, Chui mwenyewe, kashiba, anasikiliza.

Kesho yake, watoto wakiwa njiani kwenda kufundishwa, sauti nyororo ikaita kutoka nyasini.

"Paa... Paa..."

Siwema akaganda. Lakini binamu yake hakuwapo kwenye jaribio. Mtoto wa watu, mwenye adabu zake, akageuka.

"Abee!"