Smoki ya Ukwaju

Soma hii mpaka mwisho, halafu ndipo uamue kama utaituma au la. Tafadhali usibonyeze kabla hujamaliza, maana balaa lenyewe ninalotaka kulieleza lilianza hivyo hivyo.

Katika steji ya Njia Tatu, pale magari ya mizigo yanapopumzika kabla ya kupanda mlima, kulikuwa na mwanamume mmoja aitwaye Mulwa. Alikuwa akiuza smoki. Unazijua wewe: zile soseji nene zilizofukizwa moshi, zinapashwa moto kwenye toroli, zinapasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Na kwa kachumbari, Mulwa alikuwa fundi. Nyanya ngumu, kitunguu kimeoshwa kwa chumvi mpaka ukali umekwisha, na dhania haikatwi mpaka mteja asimame mbele yake. Madereva walikuwa wakimpigia honi kutoka mbali ili aanze kukata.

Kisha akaja Mama Zuhura.

Alikuwa mjane kutoka pwani, mnene wa mwili na mpole wa maneno, na aliegesha toroli yake karibu kabisa na ya Mulwa. Smoki zake zilikuwa zile zile. Wote wawili walinunua duka moja nyuma ya soko, kutoka friji moja. Tofauti ilikuwa pale juu tu. Mama Zuhura akishapasua, alimimina rojo la ukwaju lililopikwa na pilipili na sukari guru kidogo, akapachika na kipande cha achari ya embe. Ukiuma, jicho moja linajifumba lenyewe. Unameza, unaomba nyingine.

Wateja wa Mulwa walianza kwa kuonja. "Leo acha nijaribu ya mama," walisema, wakicheka kidogo kwa aibu. Kesho yake hawakucheka tena, walipita moja kwa moja.

Mulwa aliumia, na tusimlaumu kwa kuumia. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mama mwenyewe hakuwa na ubaya wa kushika. Moshi wa makaa ulikuwa umemwachia Mulwa kikohozi kikavu cha kukwaruza, kinachomkatiza katikati ya maneno. Mama Zuhura akawa anamletea tangawizi kwenye chupa ya chai.

"Kunywa, Baba Ndunge. Kifua hicho si cha kuchezea."

Mulwa alikunywa, tena alikunywa yote, huku amenuna.

Basi jioni moja, akiwa peke yake nyumbani, alichukua simu, akaweka laini ambayo hakuna aliyeijua, akafunika mdomo kwa leso ya mkewe na kurekodi sauti.

"Jamani wakazi wa Njia Tatu, jihadharini. Yule mama wa ukwaju anawalisha nyama ya punda. Hamjajiuliza ukwaju wa nini? Ni wa kuua harufu. Mtumie kila mtu unayempenda."

Akaituma kwenye kundi moja tu. Moja! Hakutaka mama wa watu aumizwe. Alitaka ahame tu, arudi kwao, steji iwe kama zamani. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na sote tunajua jinsi mtu anavyojiambia.

Asubuhi, ile sauti ilikuwa imeshafika mpaka miji ya jirani.

Mama Zuhura alikuja kazini kama kawaida. Alimimina tangawizi kwenye kikombe, akampa Mulwa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko siku nyingine.

"Mbona wewe hunywi?" Mulwa aliuliza, ili tu aseme kitu.

"Leo nimefunga. Nalipa zile siku za Ramadhani nilizokosa nilipolazwa."

Mulwa akaitikia kwa kichwa na kugeukia nyanya zake.

Jua lilipopanda, watu walianza kukusanyika. Hawakuja kununua. Walisimama wakiwa wameshika simu mkononi, wakinong'ona, na kila gari lililosimama liliongeza wengine. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akaicheza ile sauti kwa nguvu, watu wote wakasikia. Mulwa aliposikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye simu ya mtu mwingine, aliinamia nyanya zake.

"Mama! Ni nyama gani hiyo?" mtu akapaaza sauti.

"Ni ile mnayokula siku zote," akajibu Mama Zuhura.

"Basi kula wewe tuone!"

"Kula! Kula!" umati ukadakia.

Mama Zuhura akatikisa kichwa. "Nimefunga, wanangu. Njooni jua likizama, nitakula mbele yenu mpaka mchoke."

Loo! Hapo ndipo alipowachokoza. Watu walicheka, lakini ni kile kicheko kibaya ambacho hakina furaha.

"Amefunga leo leo! Si Ramadhani, si nini!"

"Anajua anachouza!"

Wakaishika toroli na kuitikisa. Chupa ya ukwaju ikaanguka na kumwagika, na harufu yake ikapanda pale pale.

"Toroli imwageni kama mnataka," akasema Mama Zuhura. Hakurudi nyuma. "Funga yangu siivunji kwa ajili ya biashara."

Kijana wa mizigo akamgeukia Mulwa. "Wewe ndiye jirani yake. Ni kweli huyu amefunga?"

Watu wote wakamkazia macho. Neno moja tu lilihitajika. Mulwa alijua kwamba amefunga, na alijua kwamba hakuna punda. Alikuwa mtu wa pekee pale aliyeyajua yote mawili. Akafungua mdomo. Akaiona ile toroli ya ukwaju imeinama nusu, akawaza kwamba wakiimwaga tu mambo yatakuwa yamekwisha, mama ataondoka salama na hakuna atakayejua.

"Mimi sijui," akasema.

Mama Zuhura alimtazama, kisha akashusha macho.

Wakati huo huo pikipiki ikaingia kwa fujo mpaka katikati ya watu. Alikuwa Simiyu, dereva wa bodaboda, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Yuko wapi? Binti yangu anatapika tangu alfajiri! Nilimnunulia smoki hapa jana!"

Sasa mambo yaliharibika kweli. Mtu akamkamata Mama Zuhura mtandio. Mwingine akaokota jiwe. Mungu wangu, Mulwa aliwaza, watamuua. Sema, Mulwa, sema sasa! Koo lake likajaa kikohozi, maneno yasitoke.

Mama Kwamboka, muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyejipenyeza na kumshika Simiyu mkono.

"Ngoja kwanza. Mtoto alikula smoki gani? Ya ukwaju?"

"Ukwaju?" Simiyu akashangaa. "Hapana. Huyo mtoto hataki ukwaju hata kuuona. Alikula ya kachumbari."

Mkono uliokuwa kwenye mtandio ukaachia. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikawa vinamtazama Mulwa.

"Kumbe ni wewe!"

"Na wananunua duka moja hawa! Nimewaona!"

"Punda ni wa wote wawili!"

"Jamani, hakuna punda," akasema Mulwa. "Hakuna punda kabisa, nawaapia!"

"Umejuaje? Si umesema hujui?"

Akanyakua smoki ya moto, akaipasua vibaya vibaya, akajaza kachumbari na kuishindilia mdomoni. Nyanya zikamwagika kifuani. Kikohozi kikamshika katikati ya kutafuna, akatema nusu chini.

"Mmeona? Inamshinda mwenyewe!"

Kofi la kwanza lilimpata shavuni, la pili hakujua lilitoka wapi. Alipoanguka aliona, kati ya miguu ya watu, tairi kuukuu likivingirishwa kutoka upande wa gereji. Nyuma yake alikuja mtu amebeba kidumu cha petroli. Kila mkazi wa mjini anajua maana ya tairi na kidumu. Mulwa akamkumbuka Ndunge, binti yake, ambaye saa hiyo alikuwa darasani. Akafumba macho.

"Nikatieni moja."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, wala haikuwa kubwa. Akafumbua macho. Mama Zuhura alikuwa amesimama kwenye toroli ya Mulwa, mtandio umeraruka begani.

"Hakuna wa kunikatia? Haya, nitajikatia." Akachukua kisu, akapasua smoki, akaijaza kachumbari ya Mulwa mpaka ikafurika.

"Mama, si ulisema umefunga?" aliuliza kijana wa mizigo.

"Nimefunga. Na Mungu ananiona."

Akauma. Akatafuna taratibu, akameza, akauma tena. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Hakuna aliyesogea. Hata yule wa kidumu alikitua chini. Mama Zuhura alikula mpaka kipande cha mwisho, akalamba hata kidole.

"Funga yangu nimeivunja mbele yenu," akasema. "Sasa nani ataniambia kwamba nimeivunjia punda?"

Mama Kwamboka akakohoa kusafisha koo.

"Huyu mama mlitaka kummwagia kila kitu, akakataa kula cha kwake. Sasa amekula cha jirani. Mnataka nini tena? Nikatie na mimi, na uniwekee pilipili."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Simu ya Simiyu ikalia. Alisikiliza, akauliza "Mtoto alikula plamu mbichi? Za kwa nani?", kisha akaweka simu mfukoni na kuwasha pikipiki bila kumtazama mtu. Lile tairi likavingirishwa kurudi gerejini, na waliolileta walijifanya wanapita tu. Muda si muda steji ikabaki na watu wake wa kila siku.

Mulwa alikuwa bado ameketi chini, damu puani. Mama Zuhura akamletea kikombe cha tangawizi.

"Mama," akasema Mulwa. "Mama, wewe hujui umemwokoa nani."

"Najua."

"Hujui. Ile sauti..."

"Baba Ndunge, ile sauti nililetewa kabla ya kula daku. Ulifunika mdomo, lakini ulikohoa mara mbili. Kikohozi hicho si ndicho ninachokichemshia tangawizi kila siku?"

Mulwa alihisi afadhali lile tairi.

"Ulijua tangu asubuhi? Na ukaniletea kikombe? Na ukavunja funga yako?"

"Funga nitailipa siku nyingine," akasema Mama Zuhura, akiinama kuokota vipande vya chupa yake. "Wewe wangekuchoma leo, uhai wako ningeulipa lini?"

Mulwa akalia mbele ya kila mtu, mwanamume mzima. Siku hiyo hiyo alirekodi sauti nyingine, bila leso, akitaja jina lake na uongo wake wote. Akaituma kwenye kundi lile lile, akaomba isambazwe.

Watu waliisikiliza. Wachache waliandika "pole." Haikuvuka hata mlima. Ila ile ya kwanza inazunguka mpaka leo, na pengine umeshaletewa hata wewe. Wageni wakifika Njia Tatu bado huuliza wakiwa dirishani, "Ni hapa penye nyama ya punda?" Na Mulwa, kila mara, huacha nyanya zake, akaenda kwenye toroli ya jirani, akala smoki ya ukwaju mbele yao, kisha akawaambia ni nani aliyeusema uongo ule.

Funzo: Uongo unaomzushia jirani yako hautaki ruhusa yako ili ukurudie, na siku ukikurudia, huenda mtu wa pekee wa kukuokoa akawa yule yule uliyetaka kumwangamiza.