Aliyeketi Naye Kochi Moja

Ndugu zangu, alikuwapo mwanamke mmoja, mwalimu mstaafu na mjane, aliyependa tamthilia za Kikorea kuliko chakula chake cha jioni. Msicheke. Na ninyi mnazo zenu.

Kila jioni jirani yake alivuka uchochoro akiwa na kanga mabegani na karanga za kukaanga kwenye kisahani, wakaketi pamoja kochi moja. Huyo jirani mtaa mzima ulimwita Mama Lusajo, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu.

Tamthilia yenyewe ilimhusu binti maskini aliyeolewa katika ukoo wa matajiri wa kuunda meli. Mwalimu aliwajua wahusika wote kwa majina, la ukoo kwanza, la mtu baadaye, kama Wakorea wenyewe wanavyotaja, wala hakuvumilia mtu ayaharibu.

"Huyu mwenye koti refu atamwacha yule binti," Mama Lusajo alisema jioni moja.

"Ana jina. Han Do-yeol."

"Haya, Doyeli."

"Do-yeol! Na binti ni Seo Yun-gyeong. Watu hawaitwi 'yule', mama."

"Sawa, mwalimu. Lakini atamwacha."

"Hamwachi. Ni mwoga tu, si mbaya. Mbaya ni mama yake, Goo Bok-hee, anayemnyima mkwewe hata kiti mezani."

Mama Lusajo akatafuna karanga, akafikiri. "Huyo mbaya binti anamwona anakuja, atajikinga. Mwoga ndiye atakayemuumiza. Anamwegemea, halafu siku ya siku hayupo."

Mwalimu alijua moyoni kwamba hayo ni maneno mazito kuliko yake. Badala ya kukiri, akasema, "Na si Doyeli."

Siku ya mwisho ya tamthilia Mama Lusajo hakuja. Mwalimu alitazama mlango mara moja, akaudhika kidogo. "Atanisumbua kesho nimsimulie," alisema peke yake, akaongeza sauti ya televisheni. Na Han Do-yeol kweli alimwacha mkewe. Mwalimu akalia machozi ya haki kabisa kwa ajili ya Seo Yun-gyeong.

Asubuhi muuza mboga akamletea habari: Mama Lusajo alianguka jana sokoni. Watu wema walimpakia kwenye bajaji wakamkimbiza hospitali ya mkoa. Mkoba wake na simu vilipotelea palepale. Mwalimu hakunywa hata chai. Alijitanda kanga, akaenda.

"Mgonjwa wako anaitwa nani, bibi?" muuguzi wa mapokezi akamuuliza.

"Mama Lusajo."

"Hilo ni la mwanawe. La kwake?"

Mwalimu akarudia lilelile: Mama Lusajo.

"La ubatizo basi. Au hata la ukoo."

"Ni jirani yangu. Mlango kwa mlango."

"Tangu lini?"

Mwalimu akatazama sakafu. Mama Lusajo alipohamia mtaani, Lusajo alikuwa hajaota meno. Sasa Lusajo ana ndevu. Angelisemaje hilo mbele ya watu?

"Bibi, si umpigie huyo Lusajo!" mtu akasema kwenye foleni, na wengine wakacheka. Lakini namba ya Lusajo hakuwa nayo. Alijua tu kwamba yuko migodini, migodi gani hakuwahi kuuliza.

Akajaribu kukumbuka. Na katika kukumbuka, kichwa chake kikamletea majina, mengi, safi, yaliyonyooka: Seo Yun-gyeong. Han Do-yeol. Goo Bok-hee. Hata la dereva aliyeonekana mara mbili tu, Ma Pil-su. Yalikuja yote kwa mpangilio, akatamani kuyatemea mate.

Muuguzi akamhurumia. "Wodi ya wanawake kuna mama mmoja aliletwa jana bila ndugu. Twende ukamtazame."

Kwenye kadi juu ya kitanda pameandikwa: ASIYEJULIKANA. Chini yake amelala Mama Lusajo, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea kama si wake. Kiharusi. Lakini macho yalikuwa mazima, na yalimjua mwalimu mara tu alipoingia.

Mwalimu akapiga magoti. "Mwenzangu, nisamehe. Jina lako ni nani?"

Yule mama akamtazama kwa muda mrefu. Midomo ikajikusanya, ikajaribu. Ilitoka pumzi na mate, halikutoka neno. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Mwalimu akatega sikio karibu kabisa na mdomo wake, na nyuma yao muuguzi akangoja, kalamu mkononi.

"Niandike nani?"

Ndugu zangu, naona mnangoja niwaambie jina lake. Mimi pia sinalo. Mwenyewe angeweza kulisema jioni zote zile, kati ya karanga na karanga. Hakuulizwa.

Sisemi tuache kuitana Mama Fulani na Baba Fulani. Ni heshima. Ila sisi tumeifanya heshima hiyo pazia, tukaketi nyuma yake kwa raha zetu. Vijana wanawajua wachezaji wa Ulaya hadi namba za jezi. Humu humu kanisani tumezika watu ambao majina yao tuliyasikia mara ya kwanza wasifu wa marehemu uliposomwa, tukageukiana: kumbe aliitwa hivyo? Tukashangaa, tukaenda kula pilau. Nani kati yetu aliona aibu?

Mungu hana mtu anayemwita "yule". Sisi tunaojiita watoto wake tunao wengi.

Basi yule muuguzi bado amesimama, kalamu mkononi. Akikuuliza leo juu ya huyo unayeketi naye benchi moja kila Jumapili, utamwambia aandike nani?