Kinyonga wa Njia ya Chini

Hii nimeletewa asubuhi na mtu ninayemheshimu. Isome polepole, si ndefu. Ukimaliza utajua mwenyewe ni nani wa kumpelekea.

Katika Hifadhi ya Mlima Kwesambia palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mwantumu, mwongoza wageni. Kila mwaka kipupwe kilipoingia, na wageni wakaja makundi kwa makundi kutembea msituni, yeye ndiye aliyeulizwa kwa jina getini. Ndege alimjua kwa sauti, mti aliujua kwa harufu ya gome, na mgeni atakayechoka alimjua kabla mgeni mwenyewe hajajijua. Miaka tisa alipanda mlima ule na hakupoteza mtu hata mmoja. Alijivunia kazi yake, wala hakuona haya kusema hivyo.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Baba yake, marehemu Mzee Singano, alikuwa mpasua mbao. Alikamatwa ndani ya msitu ule ule Mwantumu akiwa na miaka kumi, akafungwa miaka miwili. Tangu siku ile yeye akawa binti wa mpasua mbao. Hata alipovaa sare ya hifadhi, watu walimtania sokoni, "Haya, fisi kakabidhiwa bucha." Alicheka nao. Akifika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mwaka huo hifadhi ikatangaza cheo kipya, Mwongozaji Mkuu. Kazi yake ni kuwafundisha waongozaji wengine wote, na alama yake ni kofia ya kijani yenye nembo ya mlima. Mwantumu aliitaka kofia ile kuliko kitu chochote. Aliamini kwamba akipita nayo sokoni, hata siku moja tu, watu wataacha kulichezea jina la baba yake.

Mpinzani alikuwa mmoja, Stambuli, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye lugha nne na ulimi mtamu. Wageni wake hawakurudi mikono mitupu. Walichotamani kukiona walikiona, na bahati yake ilikuwa kubwa hata wenzake wakasema ana dawa. Kazi hiyo alifundishwa na Mwantumu, na mpaka siku hiyo alimwita mwalimu kwa heshima ya kweli.

Mtihani ukapangwa. Kila mmoja atawaongoza wageni sita na waamuzi wawili kwa njia ile ile, kutoka getini hadi maporomoko na kurudi, kwa muda wa saa tatu tu. Kila mnyama, ndege au mdudu atakayewaonyesha ana alama moja.

Mwamuzi wa kwanza alikuwa Bwana Kupaza, Mhifadhi Mkuu, mtu wa kalamu na daftari. Wa pili alikuwa Mzee Kihiyo, askari mstaafu wa misitu, ambaye maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Huyo ndiye aliyemkamata Mzee Singano zamani zile. Mwantumu alipomwona akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, yakaishia hapo.

Stambuli akatangulia. Akarudi na alama arobaini na moja. Robo saa tu kutoka getini, kwenye kichaka cha njia ya chini, aliwaonyesha kinyonga wa pembe mbili, fahari ya mlima ule, ambaye wageni huvuka bahari kuja kumwona. Wageni walimpiga picha mpaka wakachoka.

Kesho yake ikawa zamu ya Mwantumu.

Walipofika kwenye kichaka kile, Mwantumu akamwona kinyonga kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa bado pale pale. Rangi yake imekuwa ya jivu, macho yamezama ndani, na mkia umelegea.

"Huyo tulimwona jana," Bwana Kupaza akasema. "Lakini sheria ni sheria. Mtaje, niandike, tuendelee."

Mwantumu akainama kumtazama kinyonga. Kinyonga wa pembe mbili hukaa juu kwenye ukungu, mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Njia ya chini ina joto, na mwenye asili ya juu hawezi kudumu nalo. Huyu hakushuka mwenyewe, aliletwa. Kumtaja aliyemleta kulikuwa rahisi mno, na kofia ingekuwa yake kabla jua halijapanda. Hata hivyo kulikuwa na jambo lingine alilolijua yeye peke yake, na hilo ndilo lililomfunga mdomo.

Akavunja kijiti, akakisogeza taratibu mbele ya miguu ya kinyonga.

"Kinyonga hashikwi," akawaambia wageni. "Hupandishwa. Ukimvuta, unamuumiza vidole."

Kinyonga akafikiri, kama ilivyo desturi yake, kisha akapanda.

"Bwana Kupaza," Mwantumu akasema, "naomba tuyaache maporomoko. Huyu kwao ni juu."

"Mama, kupanda tu ni saa mbili. Muda wako wote utaishia njiani."

"Najua."

"Na alama?"

"Andika utakachokiona."

Wakapanda. Wageni walinung'unika kidogo, kisha pumzi za kunung'unikia zikawaishia. Nyani walilia upande wa bonde, Mwantumu hakusimama. Ndege mwekundu alikatiza njia, hakusimama. Bwana Kupaza alikuwa ameshika kalamu tayari na hapakuwa na kitu cha kuandika. Mzee Kihiyo alikuja nyuma kabisa, anatazama mkono ule ulioshika kijiti, ambao haukutikisika hata kwenye mawe.

Walipoingia kwenye ukungu Mwantumu akatafuta mti aliouridhia, akaegemeza kijiti kwenye tawi. Kinyonga akatoa mguu mmoja, akaurudisha, akautoa tena. Ilichukua muda mrefu. Alipolishika tawi kwa miguu yote minne, ukijani ukaanza kumrudia, kwanza kichwani, halafu ubavuni. Mgeni mmoja aliyekuwa amenyanyua kamera akaishusha na kutazama tu kwa macho yake.

Walirudi getini saa nane mchana, wamechelewa vibaya. Waongozaji wote kumi na wawili walikuwa wanawangoja, Stambuli akiwa miongoni mwao.

Bwana Kupaza akafungua daftari. "Stambuli, arobaini na moja. Mwantumu, moja."

Wawili watatu wakacheka chinichini. Mhifadhi akafunga daftari.

"Kabla ya kofia nina swali. Kinyonga yule hakushuka kwa miguu yake. Nani alimteremsha?"

Stambuli akatazama buti zake, na wenzake wakatazama buti zao. Kila mtu pale alilijua jibu.

"Mimi," akasema Mwantumu.

Stambuli akainua kichwa kwa mshtuko.

"Wewe?" Bwana Kupaza akauliza. "Wewe juzi na jana hukuingia msituni."

"Nisikilizeni. Mwaka wangu wa pili hapa alikuja bibi mmoja mgeni, miguu imemvimba, hawezi kupanda. Alikuwa ametoka mbali kwa ajili ya kinyonga tu. Nikamhurumia. Nikapanda asubuhi na mapema, nikamteremshia mmoja ndani ya kikapu. Jioni nikamrudisha kwao. Stambuli wakati huo alikuwa anajifunza kwangu. Asubuhi aliniona nikishuka. Jioni hakuniona nikipanda, alikuwa ameshakwenda nyumbani." Akawageukia wenzake. "Wengine wakaiga kwake, na wengine wakaiga kwa hao. Nilifundisha kuteremsha, sikufundisha kurudisha. Jambo hili lina mwanzo, na mwanzo wake ni mimi. Wa kuulizwa ni mimi."

Akasimama wima akingoja. Kofia aliiona kwenye meza, na moyoni akaiaga. Alijua jioni ile habari itafika sokoni, na fisi na bucha yake watatajwa tena. Iliuma, lakini shingo yake haikuinama.

Ndipo Mzee Kihiyo alipoinuka.

"Bwana Kupaza, niruhusu," akasema. "Miaka thelathini iliyopita nilisimama hapa hapa. Mbele yangu walikuwa wanaume sita, na nyuma yao mti mmoja umelala chini. Nikauliza, nani ameuangusha? Watano wakatazama miguu yao. Mmoja akasema, 'Mimi.'"

Mzee Kihiyo akaendelea.

"Nilijua hakuwa peke yake. Msumeno ule ni wa watu wawili, haukatwi mti na mtu mmoja. Na yeye alijua kwamba ninajua. Nikamuuliza mara ya pili, akajibu vile vile. Wale watano wakarudi kulea watoto wao, yeye akaenda gerezani." Akamgeukia Mwantumu. "Nimekamata watu wengi, mwanangu. Baba yako ndiye pekee ambaye siku alipotoka nilikwenda kumpa mkono. Leo nimeisikia sauti yake."

Mwantumu hakuwa amewahi kuambiwa habari hiyo. Mzee Singano aliingia kaburini nayo, hakuitumia hata siku moja kujisafisha. Miaka thelathini bintiye alikuwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya jina ambalo angepaswa kulitembeza kifua mbele. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

Stambuli akasogea mpaka mbele yake. "Mwalimu, walikuwa kumi na wanne."

"Kina nani?"

"Katika wale arobaini na mmoja wangu. Kumi na wanne niliwaleta mimi. Vinyonga, vyura wa kijito cha juu, na wale konokono wakubwa. Huyo mmoja umemrudisha. Waliobaki bado wako njiani."

Mwantumu akafuta macho kwa kiganja, akaangalia jua.

"Basi msimame hapo kufanya nini?" akawaambia wote kumi na wawili. "Chukueni vikapu. Tandikeni majani mabichi chini, muyaloweshe. Kila atakayebebwa nataka kujua alitolewa mti gani au jiwe gani, na atarudishwa hapo hapo. Asiyekumbuka atanifuata mimi. Twendeni, mchana bado upo."

Wakatawanyika kutafuta vikapu, Stambuli akiwa wa kwanza. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyempa mamlaka ya kuamuru.

Bwana Kupaza, aliyekuwa amejiandalia hotuba nzuri tu, akaiacha mfukoni. Akaichukua kofia mezani, akamfuata Mwantumu hadi mwanzo wa njia, akampa.

"Cheo hiki ni cha kufundisha," akasema. "Nimeshaona somo."

Siku ya gulio Mwantumu akapita sokoni na kofia yake. Muuza viazi mmoja, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaita kutoka mbali, "Karibu, binti wa mpasua mbao."

Mwantumu akasimama. Akaiweka kofia sawa, akamtazama usoni.

"Ndiye mimi," akasema. "Binti wa Singano. Nipimie kilo mbili."

Funzo: Kiongozi hapimwi kwa mengi aliyowaonyesha watu, hupimwa siku ya kuulizwa kosa ni la nani; anayesema "mimi" na kurudi kulirekebisha, huyo ndiye wa kufuatwa.