Mwenye Nyani Hana Lindo

Wapendwa, wiki hii yote redio haikunyamaza. Kwenye mashine ya kusaga, kwenye foleni ya bomba, hata hapo nje kabla ya kengele, nimewasikia. Hizi nchi za pembeni, zile zenye vita mpakani na watu wenye bunduki porini, ziingizwe kwenye muungano wetu wa kanda au ziachwe hukohuko? Mmoja wenu, simtaji, yuko upande wa kwaya, alisema, "Hao wakija, wanakuja na mizigo yao." Mimi shule yangu mnajua ilipoishia, siwezi kuwafundisha siasa. Ila nina mfano. Nikirefusha mnivumilie, kurefusha ni udhaifu wangu na mama mchungaji ameshanisema.

Kulikuwa na kijiji kimoja mlimani. Juu yake msitu, na ndani ya msitu nyani. Aliyelima mahindi anamjua nyani. Mwizi wa kawaida akiiba hindi, walau analila. Nyani anavunja hindi, anauma mara moja, anatupa, anavunja jingine, huku anakutazama usoni.

Basi wanakijiji wakaunda Umoja wa Lindo. Kila mwanachama alijenga dungu shambani kwake, kile kichanja kirefu cha miti anachokaa mlinzi, na juu yake akaweka debe bovu la kupiga. Kanuni ilikuwa hii: debe la mwanachama likilia, wote mnakimbia. Uwe unapalilia, uwe unakula, uwe una povu la sabuni kichwani, unakimbia! Asiyekimbia anawapikia wenzake kande mkutano unaofuata. Na umoja ule ulifanya kazi. Mahindi yalikomaa, watu wakaezeka mabati.

Lakini madungu yaliishia katikati ya mlima. Kule juu kabisa, shamba linapogusana na msitu, walikaa watu wengine. Walikuja nyuma, lafudhi yao nzito, wakaitwa watu wa ukingoni. Debe lao likilia, nani akimbie? Hawakuwa wanachama.

Siku ya mkutano akashuka mama mmoja wa ukingoni. Kitenge amekikaza kiunoni, mkononi ana hindi lililoumwa mara moja. Akaliweka mezani.

"Shikamoo mwenyekiti. Mavuno yetu ndiyo hayo. Tuingizeni kwenye lindo. Msimu mwingine kama huu hatuuwezi, tutahama."

Mwenyekiti alilitazama lile hindi. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sala, zaka anatoa.

"Marahaba, mama. Pole sana. Lakini tuseme ukweli, ninyi mna nyani."

"Tunao, mwenyekiti. Ndiyo maana nimekuja."

"Sisi huku siku hizi hatuna, wanaishia kwenu. Tukiwaingiza, kila kukicha tutapanda mlima kukimbizana na nyani wenu."

"Nyani wetu? Kwani tunawafuga?"

Watu wakacheka. Hapo shemeji yake mwenyekiti, mtu wa maneno, akadakia: "Mama, nyie wafukuzeni kwanza hao nyani wenu, kuwe kweupe, halafu njooni muombe. Mwenye nyani hana lindo!"

Makofi! Neno likawa tamu mdomoni, na kabla mkutano haujafungwa likapitishwa kuwa kanuni.

Wapendwa, tangu lini mgonjwa akaambiwa apone kwanza ndipo aende zahanati? Na kama wangeweza kuwafukuza peke yao, wangeshuka kuomba nini?

Mama hakugombana. Alipanda zake mlima, na kabla ya mvua watu wa ukingoni wakafunga virago, wakavuka mto, wakakodi mashamba kwa watu. Huku chini wengine walishusha pumzi. "Afadhali, wameondoka na nyani wao."

Wameondoka na nyani wao? Nyani anahama na mtu?

Mashamba yale yalilala. Yakaota magugu, magugu yakawa vichaka, na vichaka vikashikana na msitu. Msitu, ndugu zangu, ukashuka. Haukupiga hodi. Msimu wa tatu mwenyekiti yuko shambani kwake, shamba lililokuwa katikati, salama kabisa, akainua macho. Juu ya dungu lake, debe kalikalia, ameketi nyani dume. Ametulia, anatafuna.

Kuanzia hapo debe la mwenyekiti likawa halinyamazi. Asubuhi linalia, mchana linalia. Watu wakakimbia, wakakimbia, wakachoka. Mkutano ukaitishwa, na shemeji akasimama, safari hii hacheki.

"Shemeji, mimi nakuheshimu, umemuoa dada yangu. Lakini kanuni ni kanuni. Wewe sasa una nyani."

"Shemeji!"

"Mwenye nyani hana lindo. Si mimi, ni kanuni. Wanaokubali atoke?"

Na mikono ikaanza kunyanyuka! Mwenyekiti wao, waliyekula naye kande, mikono inanyanyuka. Akaiona kanuni aliyoipitisha mwenyewe inamshika shingo yake mwenyewe.

Ndipo akaruka jirani yake wa chini, bibi mmoja ambaye siku zote mikutanoni alikuwa anasinzia. Siku hiyo hakusinzia.

"Shusheni mikono! Mkimtoa huyu, ukingo ni mimi. Mkinitoa mimi, ukingo ni wewe hapo shemeji, na midomo yako. Tutatoana, tutatoana, mpaka kikao hiki waje kukiendesha nyani!"

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa anahesabu moyoni mashamba yaliyobaki kati yake na msitu.

Kesho yake mwenyekiti akavuka mto. Akamkuta yule mama analima shamba la kukodi. Mama akajiegemeza kwenye jembe.

"Karibu, mwenyekiti. Umekuja kutembea au umefukuzwa?"

"Nimekuja kuwaomba mrudi."

"Turudi? Sisi si tuna nyani?"

Mwenyekiti akavua kofia. "Mama, hata mimi ninao."

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Kisha akafuta machozi, akasema, "Hilo neno ungelisema siku ile, tungeokoa misimu yote hii. Twende. Lakini tunarudi wanachama. Debe letu likilia, mnakimbia. Lenu likilia, tunakimbia. Hakuna wa juu wala wa chini."

"Hakuna," akasema mwenyekiti.

Haleluya, wakarudi! Walivuka mto wakiimba, mapanga begani, mbwa mbele. Kijiji kizima kikapanda kuwalaki, wakafyeka vichaka pamoja, na msitu ukarudi ulikotoka. Wakajenga dungu pale pale ukingoni, refu kuliko yote. Mahindi yalipoanza kubeba, debe la juu likalia. Basi hapo mngeona! Wa katikati wanakimbia, wa bondeni kabisa wanakimbia, shemeji anakimbia hana kiatu, bibi wa kusinzia anakimbia na mwiko. Mlima mzima debe na vigelegele! Nyani wakasimama, wakatazama watu wanavyozidi kupanda, wakageuza migongo. Safari hii hata hindi moja halikuanguka.

Mwaka ule walivuna mpaka maghala yakakataa. Siku ya shukrani, kanisa limejaa, mwenyekiti akasimama mbele, amevaa koti lake.

"Tunamshukuru Mungu," akasema, "aliyetupa moyo wa huruma, tukawapokea ndugu zetu wa ukingoni."

Watu: "Amina!"

Yule mama akasimama kwenye benchi lake. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, samahani. Siku ile ulipovuka mto, nyani walikuwa shambani kwa nani?"

Mwenyekiti akaanza kufunga kifungo cha koti.

"Sisi tulikuwa tumelala salama ng'ambo. Mliokuwa mnaliwa ni ninyi. Sasa nani alimpokea nani?"

Ndugu zangu, nani alimpokea nani?

Sisi hapa tumekaa tunabishana kama wenye nyumba walioshika ufunguo. Tuwafungulie? Tusiwafungulie? Wana vita. Wana njaa. Wana magendo. Ndiyo, wanavyo, wala sisemi ni uongo. Lakini vita havina kwao, na njaa haiulizi uraia. Miaka yote hii tuliyolala usingizi, kuna watu wamesimama kati yetu na msitu, wanaumwa wao ili tusiumwe sisi, nasi usingizi ule tukauita akili yetu. Tukiri, na mimi nianze, maana wiki hii nilipoisikia redio nilitikisa kichwa pamoja na yule wa kwaya.

Waingie. Waingie kwa kanuni ileile, debe likilia wote wakimbie, wao kwetu na sisi kwao. Umoja unaoishia pale hatari inapoanzia una kazi gani?

Na msiondoke hapa mkidhani mmetoa sadaka. Simameni. Tuwaombee watu wa mipakani, kila mmoja ataje nchi anayoijua. Tukimaliza kuwaombea, tupige magoti, tumwombe Mungu awape moyo wa kutupokea.