Bi Kidawa na Mzazi Aliyejipaka Chakula

Paukwa!

Pakawa!

Mlioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale, kale ile ambayo kuku waliingia ndani bila kupiga hodi, na leo pia wanaingia, lakini hiyo ilikuwa kale, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mzazi mchanga, mtoto wake ndiye wa kwanza, jina lake Sikudhani. Na Sikudhani alikuwa mwoga. Mwoga! Mtoto akipiga chafya, anaruka. Mtoto asipopiga chafya, anaruka zaidi: mbona kimya, kuna nini?

Basi ngozi ya Sikudhani ikakauka. Uso ukapauka, midomo ikapasuka, akijikuna mkono unasikia kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anakwangua sufuria. Akaja shangazi wa mume wake, Shangazi Chausiku, mwanamke wa sauti nene na kanga mpya kila siku. Akamtazama. Akamzunguka. Akamtazama tena.

"We binti, huu uso au gome la mti?"

"Uso, shangazi."

"Hapana! Ngozi ikikauka hivi, hata maziwa yamekauka. Sasa nisikilize. Siku ya kumtoa mtoto nje, watu wote wamekusanyika, nikikukuta na gome hili, mtoto namchukua. Atalelewa kwangu. Kwangu kuna ng'ombe."

Lo! Sikudhani moyo ukamwenda mbio, du-du-du-du, akamkumbatia mtoto hata mtoto akalia. Achukuliwe? Mwanangu? Anyonye ng'ombe?

Sasa, kijijini hapo alikuwepo bibi mmoja, Bi Kidawa. Mzee huyo! Kitindamimba wake alikuwa na mvi. Lakini ngozi ya Bi Kidawa, jamani, nzi akitua shavuni anateleza. Teleee... pu! Chini. Na kila mchana bibi huyo huingia jikoni na kapu, akafunga mlango kwa komeo, ka! Halafu hutoka anang'aa.

"Ana dawa," alisema Mashavu, jirani yake Sikudhani, ambaye macho yake yalikuwa hayapitwi na kitu. "Nimechungulia kapu. Mchicha, dagaa, parachichi, papai, mbegu za maboga. Anajifungia anajipaka!"

Sikudhani hakungoja kusikia zaidi. Akakusanya kila kitu, akajifungia ndani, ka! Parachichi akajipaka mashavuni. Papai akajipaka shingoni. Uji wa ulezi mikononi mpaka viwiko. Mchicha akaubandika kwenye paji la uso, ukawa unaanguka, akaushikiza kwa asali. Dagaa hakujua wanapakwa wapi, akawachomeka kwenye nywele. Akambeba mtoto mgongoni, akatoka uani akauke juani.

Wa kwanza alikuwa kuku. Do! Akadonoa kiwiko. Do, do, do! Akaja paka, akaruka begani kwa ajili ya dagaa. Akaja mbuzi, huyo hakusalimia hata, akang'ata mchicha na paji la uso, nyofu! Nyuki nao, vuuuu, wanaifuata asali. Sikudhani mbio! Kuku nyuma, mbuzi nyuma, paka kichwani, mtoto mgongoni anacheka, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe anacheka, na mama yake analia, "Nakufa! Naliwa!"

Akakimbilia kwa Bi Kidawa, akausukuma mlango kwa bega, komeo likakatika, paa!

Na Bi Kidawa alikuwa anafanya nini? Alikuwa ameketi mkekani, sahani mapajani, anatafuna. Taratibu. Nya, nya, nya.

"Shikamoo bibi," akasema Sikudhani, parachichi linamdondoka.

"Marahaba. Mwanangu, wewe ni mgeni au kachumbari?"

"Bibi, nimejipaka kama wewe! Mbona sing'ai?"

"Nani anajipaka? Mimi nakula."

"Na mlango unafunga wa nini?"

"Nisipoufunga, nitakula? Wajukuu wale, wakisikia kijiko tu wamejaa! Kaa chini. Jana ulikula nini?"

"Ukoko."

"Na supu ya kuku uliyoletewa?"

"Walikunywa wageni."

"Yai?"

"Wifi alilitamani."

"Kunde?"

"Mama mkwe alisema ana njaa."

"Maji je?"

Sikudhani akafikiri. "Nilimwogesha mtoto."

Bi Kidawa akaweka sahani chini, akacheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Mtoto anakunywa kutoka kwako, wageni wanakula kwako, mwenyewe unabaki na ukoko, halafu unaiuliza ngozi mbona kavu! Makunyanzi yatakuja, usiyakimbie, mimi ninayo, tazama hapa machoni. Lakini ngozi yenye njaa ni jambo jingine. Nawa uso. Tunaenda kwako."

Kuanzia hapo Bi Kidawa akawa anaketi mlangoni kwa Sikudhani, mwiko mkononi. Ndani Sikudhani anakula mchicha, dagaa, kunde, papai, na maji gudulia zima.

"Hodi!"

"Mzazi anakula!"

"Tumekuja kumwona mtoto tu."

"Mtoto hayumo kwenye sufuria. Ngojeni!"

Akaja wifi. "Hodi!" "Mzazi anakula!" Akaja mama mkwe. "Bado?" "Bado anatafuna!" Watu wakanuna, wakasema bibi amezeeka vibaya. Bi Kidawa akawapungia mwiko.

Ikafika siku ya kumtoa mtoto. Kijiji kizima uwanjani. Shangazi Chausiku akaja na kanga mpya na mbeleko ya kumbebea mtoto. Akamsogelea Sikudhani, aliyeketi mkekani, sahani ya chakula kando yake na Bi Kidawa nyuma yake. Akalowesha kidole, akamsugua shavu, akatazama kidole: hakuna mafuta. Akamvuta shavu: laini, likarudi mahali pake. Akataka kumnyakua mtoto kifuani, lakini mtoto alikuwa ananyonya, amenona, mapaja yana mikunjo. Akavuta, mtoto hakuachia. Akavuta tena, mtoto akamtupia jicho moja, akaendelea, gu, gu, gu.

Shangazi akaikunja mbeleko. Akainama, akanong'ona, "Unajipaka nini, mwanangu?"

"Sijipaki, shangazi. Nakula."

"Lete basi nionje." Na mkono tayari umefika kwenye sahani.

Sikudhani, yule mwoga, akaishika sahani yake kwa mikono miwili. Sauti ilimtetemeka lakini ilitoka.

"Hii yangu, shangazi. Ya kwako iko jikoni."

Shangazi akatazama sahani, akatazama mtoto, akatazama mwiko wa Bi Kidawa. Akaenda jikoni.

Bi Kidawa alishakufa zamani, lakini katika kijiji kile mzazi ndiye anayepakuliwa kwanza, na hakuna anayeuliza kwa nini. Nanyi kina mama mnaonisikiliza, mnaolisha kila mtu mkabaki na ukoko, mwili wenu nao una mdomo; ulisheni kabla hamjaulaumu.

Hadithi yangu imekomea hapa. Aliyeacha chungu motoni aende, mimi nimemaliza.